Cheti cha Chae Chan Ping: Matini Iliyobatilishwa Baharini

Sisi wanafunzi wa fasihi tukitajiwa wahamiaji tunakimbilia riwaya na ushairi. Katika makala haya naomba tusome kitu kikavu zaidi, cheti cha forodha. Nadai kwamba nacho ni matini: kina mwandishi, kina mhusika, kina msomaji. Na ugomvi wa nani mwenye haki ya kukifasiri ulimnyang'anya mtu mmoja makazi aliyokuwa nayo kwa miaka 12.

Kwanza mandhari. Mwaka 1867 kampuni ya Pacific Mail ilianza safari za meli za mvuke kutoka San Francisco hadi Yokohama na Hong Kong. Mwaka uliofuata Marekani na China zikatia saini mkataba wa Burlingame, uliotambua haki ya watu kuhama. Ubepari ulikuwa na njaa ya mikono: Wachina kwa maelfu walipasua milima na kutandika reli iliyokamilika mwaka 1869. Kazi zilipoadimika, mikono ile ile ikaitwa tatizo. Mwaka 1882 Bunge la Marekani likawapiga marufuku vibarua wa Kichina kuingia kwa miaka 10. Waliokuwamo nchini tayari waliweza kwenda kwao na kurudi, mradi wawe na cheti.

Cheti chenyewe kilisema nini? Jina, umri, kazi, mahali mtu alipoishi mwisho, na alama za mwilini. Basi. Kovu limo, maisha yaliyoleta kovu hayamo. Kwenye semina tungesema huyu ni mhusika bapa na tungemlaumu mwandishi, lakini karani wa forodha hakuwa na nia ya kumchora mtu. Alitaka tu mwingine asiingie kwa jina la huyu. Mwaka 1884 sheria ikakazwa: cheti hicho kikawa ushahidi pekee uliokubalika wa haki ya kurudi. Yaani mwenye cheti hawezi kujisemea, jirani yake hawezi kumshuhudia, karatasi ndiyo inayosema.

Chae Chan Ping alikuwa kibarua, mkazi wa San Francisco tangu 1875. Tarehe 2 Juni 1887 alipanda meli Gaelic kwenda China, cheti mkononi. Tarehe 7 Septemba 1888 akaanza kurudi kutoka Hong Kong kwa meli Belgic. Meli za siku zile hazikuwa na redio. Kinachoendelea nchi kavu abiria angekijua wapi? Tarehe 1 Oktoba, Belgic ikiwa bado safarini, sheria ya Scott ikapita huko Washington: vyeti vyote vya kurudi ni batili. Tarehe 8 meli ikaingia bandarini. Karatasi ilikuwa ile ile, jina lile lile, muhuri ule ule, naye akazuiwa asishuke. Kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, watu kama 20,000 walikuwa nje ya Marekani wakiwa na vyeti vya namna hiyo, na 600 hivi kati yao walikuwa majini.

Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na hapo ndipo mhakiki anapopaswa kutega sikio. Mawakili wa Chae walikisoma cheti kama ahadi: serikali ilisema nenda, utarudi, naye akaenda kwa kuiamini. Jaji Stephen Field alikisoma kama hisani tu, ambayo mtoaji anaweza kuiondoa wakati wowote apendapo, kwa sababu taifa lina mamlaka ya kumzuia mgeni yeyote, mkataba uwepo usiwepo. Tarehe 13 Mei 1889 usomaji wa Field ndio ulioshinda. Kuna wananadharia wanaotufundisha kwamba maana huumbwa na msomaji. Sawa, lakini msomaji yupi? Chae naye alikuwa msomaji, tena makini, maana alivuka bahari mara mbili akitegemea maana aliyoisoma. Nadharia isiyouliza nani ana dola nyuma yake inaniachia njaa.

Mtaniambia hii ni sheria, si fasihi. Haya, twende kwenye fasihi. Katika kituo cha Angel Island, kilichofunguliwa mwaka 1910 katika ghuba ya San Francisco, Wachina waliozuiliwa waliandika na kuchonga mashairi kwenye kuta za mbao; yamehifadhiwa zaidi ya 200. Wahakiki wengi huanzia hapo, wakizungumzia upweke na kukumbuka nyumbani. Mimi naona tukiyasoma peke yake tunapoteza nusu ya maana. Wale ni watu waliokuta desturi ya zamani, kwamba karatasi ya ofisini ina uzito kuliko kauli ya mtu, na wao wakachagua ukuta.

Chae alirudishwa China mwaka ule ule wa 1889. Sheria za kuwazuia Wachina zilifutwa mwaka 1943. Hukumu ya Field yenyewe bado inatajwa katika mahakama za Marekani kwenye kesi za uhamiaji.