Nyumba ya Hancock, New Jersey

Nyumba ya Hancock ni nyumba ya shamba ya matofali ya kuchoma, iliyojengwa mwaka 1734 karibu na kijito cha Alloway, Salem, katika jimbo la New Jersey, Marekani. Wenyewe, William na Sarah Hancock, walikuwa Waquaker, dhehebu lilelile lililoingia Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902.

Ukiitazama kwa mbele huoni ajabu. Sifa yake iko kwenye ukuta wa ubavuni. Juu, karibu na kilele cha paa, zimejengewa herufi W ya mume, S ya mke na H ya ukoo, pamoja na mwaka. Chini yake inashuka mistari ya zigizaga, mwekundu kwa wa buluu. Hakuna rangi iliyopakwa. Katika tanuru la kuni, matofali yanayopakana na moto huiva kupita kiasi, na majivu yanayoyarukia huuyeyusha mchanga wa udongo hadi uso ukafunikwa na utando wa kioo wenye buluu ya kijivu. Fundi aliyachagua hayo, akayalaza kichwa kikitazama nje. Uashi wa Kiflemi unafaa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu katika kila kozi tofali la ubavu hupokezana na la kichwa. Lakini kuchora zigizaga kwa matofali ni hesabu tupu: ukikosea moja, mstari mzima unapotea. Mapambo haya yalienea Salem karne ya 18, nami naona ni madoido mengi kwa Waquaker, watu waliosifika kwa kutopenda makuu.

Machi 1778, wakati wa vita vya uhuru, Waingereza waliokuwa wameishika Philadelphia walitoka kusaka ng'ombe na malisho huku Salem. Usiku wa kuamkia tarehe 21, askari wa Meja John Graves Simcoe waliivamia nyumba hii, ambamo wanamgambo waliolinda daraja la karibu walikuwa wamelala, wakawachoma kwa singe. Jaji William Hancock, mwana wa mjenzi, alipata majeraha yaliyomuua baadaye, ingawa yeye alikuwa upande wa mfalme wa Uingereza. Baadaye Simcoe alikuja kuwa luteni gavana wa kwanza wa Upper Canada.

Serikali ya jimbo iliichukua nyumba miaka ya 1930, na sasa ni makumbusho.