SOMO LA REDIO: KALAMU NA UNYOYA

Leo kila mtu ashike kalamu yake. Tutajifunza jina lake limetoka wapi.

Waingereza huiita "pen". Neno hili walilipata kwa Wafaransa, nao Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Katika Kilatini "penna" maana yake ni unyoya. Kwa nini unyoya? Kwa sababu kwa muda wa miaka zaidi ya elfu moja watu wa Ulaya waliandika kwa unyoya mkubwa wa bawa la bata bukini. Shina lake lina uwazi ndani, kama mrija. Walilichonga ncha kwa kisu kidogo, wakaipasua kidogo, wakaichovya katika wino. Ncha ilipochakaa walichonga tena. Katika karne ya 19 viwanda vya Birmingham, Uingereza, vilitengeneza ncha za chuma kwa wingi. Unyoya ukaachwa, jina likabaki. Wajerumani, waliotawala Moshi mpaka mwaka 1916, nao husema "Feder": ni unyoya, na ni kalamu pia.

Je, penseli nayo ni unyoya? Sivyo. Asili yake ni neno jingine la Kilatini, maana yake mkia mdogo. Kwanza lilikuwa jina la brashi ya mchoraji.

Na neno letu "kalamu"? Tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni Kiyunani: "kalamos", yaani tete, lile liotalo kando ya maji. Watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kabla ya kutawaliwa na Wajerumani na Waingereza. Barua za Kilwa za mwaka 1711 zimehifadhiwa Goa, Bara Hindi.

Basi, kalamu ilianza kwa bata na kwa tete la mtoni. Si kitu cha wakubwa tu. Lakini wazee wetu wengi walitia dole gumba kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma, za shamba au za deni, wakajuta baadaye. Wewe ukipimiwa kahawa yako, soma mwenyewe kilo zilizoandikwa, kisha tia sahihi.

Maswali:
1. "Penna" maana yake nini?
2. Kalamu ya kwanza ya Waarabu ilikuwa ya nini?
3. Andika jina lako lote mara tatu.

Kwaherini.