Pampu ya moyo iliyofunikwa na ugomvi wa Houston

Agosti 2026 inatimia miaka 60 tangu Dk. Michael DeBakey wa Houston, Texas, amuunganishe mwanamke wa miaka 37 kutoka Mexico na pampu ya kuusaidia moyo. Pampu ilikaa nje ya kifua, ikichukua sehemu ya kazi ya upande wa kushoto wa moyo ambao ulikuwa umegoma baada ya upasuaji. Siku 10 baadaye moyo ulipata nguvu, pampu ikaondolewa, mama akapona. Mgonjwa aliyemtangulia mwaka huohuo alikufa.

Ajabu ni kwamba watu wakitaja historia ya mitambo ya moyo, wengi hukimbilia Aprili 4, 1969.

Mji ulikuwa uleule, Houston. DeBakey alitawala upasuaji katika Chuo cha Tiba cha Baylor. Mtoto huyu wa wahamiaji wa Lebanon alifundishwa kushona na mama yake. Miaka ya 1950 alinunua kitambaa cha dakroni dukani, akakaa kwenye cherehani ya mkewe na kushona mirija ya kuziba pengo la mishipa mikubwa ya damu. Denton Cooley, mwenzake na baadaye mpinzani wake, alisifika kwa mikono myepesi. Kufikia 1969 wawili hao walikuwa hawaivi chungu kimoja.

Siku hiyo ya Aprili Cooley alikuwa akimpasua Haskell Karp, mwenye miaka 47, kutoka Illinois. Moyo wake ulipokataa kurudi kazini, Cooley aliukata, akaweka mahali pake moyo wa bandia wa plastiki na dakroni, ulioendeshwa na mtambo mkubwa uliosimama kando ya kitanda. Aliyeutengeneza pamoja naye ni Domingo Liotta, Mwajentina aliyekuwa akilipwa mshahara katika maabara ya DeBakey. Moyo huo ulikuwa umejaribiwa kwa ndama, na hakuna aliyeishi nao siku nyingi.

DeBakey alikuwa Washington kwenye kikao habari zilipomfikia. Alighadhibika, kwake ulikuwa wizi. Mke wa Karp aliwaomba Wamarekani hadharani wampatie mumewe moyo wa binadamu. Ulipatikana kutoka Massachusetts, baada ya moyo wa bandia kufanya kazi kwa saa 64. Karp alifariki siku iliyofuata upandikizaji.

Uchunguzi ukaanza, Cooley akaondoka Baylor, chama cha wapasuaji wa Marekani kikamkaripia. Mjane alishtaki, akashindwa. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, 100,000 Hearts, Cooley anashikilia kuwa alitaka kumwokoa mgonjwa. Huenda ni kweli, lakini Karp hakupata nafasi ya kusimulia upande wake. Madaktari hao walipeana mkono mwaka 2007, DeBakey akiwa na miaka 99.

Magazeti yalishabikia moyo wa bandia, kumbe njia iliyozaa matunda ni ile ya 1966: kuuacha moyo mahali pake na kuusaidia. Mwaka 1994 Marekani iliidhinisha pampu ya HeartMate kwa wanaosubiri kupandikizwa moyo. Mwaka 2001 utafiti wa wagonjwa 129 wasiofaa kupandikizwa ulionyesha kuwa asilimia 52 ya waliowekewa pampu walikuwa hai baada ya mwaka, dhidi ya asilimia 25 ya waliotegemea dawa peke yake. Pampu za sasa husukuma damu mfululizo, na baadhi ya wagonjwa ukiwashika kifundo cha mkono huhisi mapigo.

Lakini waya wa pampu hutokea tumboni na kuungana na betri kiunoni. Kidonda chake hutakiwa kusafishwa daima, damu hutakiwa kupimwa ili kurekebisha dawa za kuizuia kuganda, na usiku mgonjwa hulala ameunganishwa na umeme. Viongozi wetu hupenda kukata utepe mbele ya mashine mpya. Kwa pampu hii waanze na umeme usiokatika, maabara inayotoa majibu siku hiyohiyo na muuguzi anayejua kufunga kidonda kile, hata mgonjwa akiwa mbali na hospitali kubwa. Bila hayo, mashine itanunuliwa kwa mabilioni na mgonjwa atauawa na kidonda cha waya.