Volti na ampea: Hesabu fupi inayoweza kuokoa mota ya mashine ya mpunga

MADIBIRA, katika Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, ni jina linalofahamika kwa walaji wa mchele mijini. Mashamba ya umwagiliaji ya eneo hilo hupata maji ya Mto Ndembera, unaotiririka kutoka nyanda za juu za Mufindi, mkoani Iringa. Maji yanayobaki huelekea Ihefu, huingia Mto Ruaha Mkuu na hatimaye kufika Mtera na Kidatu, kwenye mitambo yenye uwezo wa megawati 80 na megawati 204.

Hivyo, maji yanayokuza mpunga ndiyo pia yanayochangia umeme wa gridi ya taifa, ambao huzungusha mota za mashine za kukobolea mpunga. Hata hivyo, mota hizo huungua mara kwa mara, na lawama hutupwa kwa fundi au kwa mtengenezaji. Mara nyingi chanzo kingeweza kugunduliwa mapema kwa vipimo viwili tu: volti na ampea.

Vipimo vinne

Volti hupima msukumo wa umeme. Ampea hupima wingi wa mkondo unaopita. Omu hupima ukinzani, yaani jinsi waya au kifaa kinavyouzuia mkondo huo. Wati hupima nguvu, yaani kasi ya kutumia nishati.

Mkulima anaweza kuufananisha umeme na maji ya mfereji. Volti ni mwinuko unaoyasukuma maji, ampea ni wingi wa maji yanayopita kila sekunde, na ukinzani ni wembamba wa mfereji pamoja na magugu yaliyomo.

Mwaka 1827, mwanafizikia Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha kanuni inayounganisha vipimo vitatu vya kwanza. Ukinzani hupatikana kwa kugawanya volti kwa ampea: R = V ÷ I. Nguvu nayo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea: P = V × I.

Mfano wa pasi

Umeme wa kawaida wa majumbani Tanzania ni volti 230. Pasi inayovuta ampea 5 ina ukinzani wa 230 ÷ 5, yaani omu 46. Nguvu yake ni 230 × 5, yaani wati 1,150. Ikivuta mkondo huo kwa saa moja mfululizo, hutumia uniti 1.15 za LUKU, kwa kuwa uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja.

Umeme ukishuka hadi volti 184, ukinzani wa pasi hubaki karibu omu 46 zile zile. Mkondo unakuwa 184 ÷ 46, yaani ampea 4, na nguvu inakuwa wati 736. Volti zimepungua kwa asilimia 20, lakini nguvu imepungua kwa asilimia 36. Ndiyo maana umeme ukiwa mdogo pasi huchelewa kunyoosha nguo.

Kwa nini mota huungua

Pasi hupoa umeme unapopungua, lakini mota iliyobeba mzigo hufanya kinyume chake. Hujitahidi kuendelea na kazi ile ile, hivyo huvuta mkondo mkubwa zaidi. Kwa mfano rahisi, mota iliyokuwa ikivuta ampea 10 kwa volti 230 itahitaji takriban ampea 12.5 kwa volti 184.

Joto ndani ya nyaya za mota hufuata kanuni P = I × I × R. Kwa hiyo, mkondo ukiongezeka kwa robo, joto huongezeka kwa zaidi ya nusu, na hapo ndipo mota huanza kunuka na hatimaye kuungua.

Ikumbukwe kuwa kwa mota, jibu la V × I huzidishwa pia kwa namba iliyo chini ya 1, inayoandikwa kwenye kibao chake. Kwa mota ya njia tatu, yenye volti 400, huzidishwa tena kwa 1.73.

Waya mwembamba, hasara nene

Si kila umeme mdogo hutoka kwenye transfoma. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 2.5, ukivutwa mita 100 hadi kwenye mashine, una ukinzani wa takriban omu 1.4 kwa kwenda na kurudi. Mkondo wa ampea 10 hupoteza humo volti 14, na wati 140 hugeuka joto la bure. Mwenye mashine huzilipia wati hizo, kwa kuwa zimekwishapita kwenye mita.

Waya wa milimita za mraba 6, kwa umbali huo huo, hupoteza takriban volti 6 tu. Bei yake ni kubwa siku ya kununua, lakini hulinda mota na kupunguza matumizi.

Kanuni hiyo ndiyo inayofanya umeme wa Kidatu usafirishwe kwa volti 220,000. Volti zikiongezwa mara mbili kwa nguvu ile ile, mkondo hupungua kwa nusu na hasara ndani ya waya hubaki robo.

Namna ya kupima

Volti hupimwa wakati mashine inafanya kazi, kwenye soketi au kwenye ncha za mota, kwa kuwa upotevu ndani ya waya hauonekani mashine ikiwa imezimwa. Ampea hupimwa kwa kifaa cha kubana waya mmoja bila kuukata. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Mwenye mashine alinganishe majibu hayo na kibao cha mota. Ampea zikizidi zilizoandikwa na volti zikiwa pungufu, azime mashine na kutafuta chanzo kabla ya kukoboa gunia jingine.