Suheli, Kinyonga na Meza: Majina ya Nyota za Kusini

Mwezi wa Januari, ambao ni wa majira ya joto kusini mwa dunia, atazamaye mbingu za kusini yapata saa tatu usiku huiona Suheli, nyota ya pili kwa kung'aa kati ya nyota zote za usiku. Jina hili asili yake ni Kiarabu. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliijua kusini kwa nyota hiyo, na katika Kiswahili suheli likawa pia jina la upande wenyewe. Kwa hiyo hatuoni sababu ya kutohoa "Kanopasi" kutoka vitabu vya Ulaya.

Sehemu kubwa ya mbingu hizo haikuwa na majina katika vitabu hivyo hadi mwisho wa karne ya 16. Mwaka 1595 merikebu za Kiholanzi zilisafiri kwenda Mashariki zikapitia Madagaska, na humo rubani Pieter Keyser akapima nyota. Alifariki mwaka 1596 kabla ya kurejea kwao. Mwenzake, Frederick de Houtman, alichapisha orodha ya nyota mwaka 1603, tena, jambo la kutupendeza sisi watu wa lugha, aliitia mwishoni mwa kamusi ya Kimalei na Kimalagasi! Katika makundi 12 yatokanayo na safari ile wamo Tausi, Korongo, Kinyonga na Samaki Arukaye. Hapa mtunga istilahi hana kazi kubwa.

Kazi ipo kwa Mfaransa Lacaille. Alifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751, akaorodhesha nyota zipatazo 10,000 kwa darubini ndogo, kisha akabuni makundi 14, mengi yakiwa na majina ya vyombo: Saa, Tanuri, Bikari, Hadubini. (Aonaye tanuri pale ana macho makali kuliko yetu.) Moja aliliita kwa Mlima Meza wa huko Rasi, kwa Kilatini Mensa. Neno hilo ndilo mzazi wa mesa ya Wareno, waliotuachia meza. Basi tukisema Meza hatutafsiri, twalitaja neno lile lile.

Linalotutatiza bado ni Reticulum. Tukiliita Wavu, msomaji wa pwani atafikiri uvuvi, hali Lacaille alikusudia nyuzi za kupimia zilizomo ndani ya darubini yake.