Karata za Kompyuta na Barua ya Onyo

Kwetu Makumira karata zilikuwa na jina baya. Tulipokuwa watoto, mtu mzima akikukuta mgombani na karata mkononi hakuuliza kama mnachezea fedha au mnacheza bure. Fimbo ilitangulia, maswali yakafuata. Nami nilipokuwa mwalimu niliiendeleza desturi hiyo bila kuichunguza.

Laiti ningeichunguza, ningeona kwamba karata ni mgeni wa siku nyingi katika lugha yetu. Neno lenyewe ni la Kireno. Kopa, uru, shupaza na pau nayo yametoka huko: vikombe, dhahabu, panga na marungu. Wareno walifika pwani yetu na Vasco da Gama mwaka 1498, wakatolewa Mombasa mwaka 1698. Wenyewe waliondoka, karata zikabaki.

Kompyuta nayo ilitiliwa shaka. Ile iliyofungwa Wizara ya Fedha katika miaka ya 1960 ilitarajiwa kunyoosha hesabu za Serikali, lakini ikaleta vurugu na hasara. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Mwaka huohuo Azimio la Musoma lilitutaka walimu tujiandae kumpokea kila mtoto wa umri wa shule. Sisi tuliotoka chuo cha ualimu miaka ile tulifundisha kwa chaki na ubao, wala hatukujua tulichokosa.

Marufuku ile ilikwisha zamani, lakini shaka yangu haikwisha. Miaka michache kabla sijastaafu, shule niliyoiongoza ilipewa kompyuta moja ya msaada. Nilimkabidhi karani wetu. Asubuhi moja nikamkuta na karata zimepangwa kwenye kioo. Alijaribu kunieleza kwamba anajifunza. Nilimjibu kwamba kazi ya ofisi haifundishwi kwa karata, nikamwandikia barua ya onyo. Aliipokea kwa mikono miwili, akanyamaza.

Baada ya kustaafu, mjukuu wangu aliniletea kompyuta yake kuukuu. Nilitaka kuandika kumbukumbu zangu, lakini kila nilipokishika kipanya, mshale ulikimbia kama kuku aliyeona mwewe. Akaniambia, "Babu, usianze na kuandika. Anza na karata."

Niliona haya, lakini nilianza. Karata ni 52. Hupangwa safu saba, ya kwanza karata moja, ya saba karata saba. 24 hubaki pembeni. Nyekundu huwekwa juu ya nyeusi, nyeusi juu ya nyekundu, kwa kushuka. Safu ikiwa tupu, mfalme tu ndiye anayeruhusiwa kukaa hapo. Ili kuhamisha karata lazima ubonyeze, ushikilie, uburute, kisha uachie mahali pake. Ukiachia mapema, karata hurudi ilikotoka. Haikugombezi, inarudi tu, nawe unajaribu tena. Wiki ya tatu mkono wangu ulikuwa umetulia.

Ndipo nikasoma habari za mchezo huo. Uliandikwa na kijana aliyekuwa akifanya mafunzo ya kazi katika kampuni ya Microsoft, Wes Cherry, ambaye hakulipwa chochote kwa ajili yake. Picha za karata zilichorwa na Susan Kare. Ulitolewa pamoja na Windows 3.0 mwaka 1990, wakati watu wengi walikuwa hawajapata kushika kipanya, na ukawazoeza kuburuta na kuachia bila wao kujua kwamba wanafundishwa.

Nilifunga kompyuta, nikatoka nje nikakaa. Chuoni tulihubiriwa kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza, nami nilikuwa nimeliandika jambo hilo katika maandalio yangu ya masomo mara zisizohesabika. Lilipokuja mbele yangu likiwa na sura ya karata, sikulitambua.

Nilimwandikia yule karani barua ya pili, ya kuomba radhi, nikaichapa mwenyewe kwa vidole viwili. Nilimpelekea kwake Usa River. Aliisoma yote, akaikunja, akaniuliza, "Mwalimu, umeshashinda mara ngapi?"

"Mara nne," nikamwambia.

Akacheka, akanikaribisha chai. Barua ile ya kwanza bado imo katika jalada lake, nami sina tena mamlaka ya kuitoa.