Beyoncé na muziki wa kantri: jinsi albamu ya Cowboy Carter ilivyopokelewa

Tukipiga Jim Reeves, Kenny Rogers au Dolly Parton, ujumbe wa wasikilizaji wetu wa Musoma, Bunda na Butiama huja wa aina mbili. Wapo wanaouliza mbona hatupigi ule wa Beyoncé wenye banjo, na wapo wanaosema huo si kantri, tusiwaharibie kipindi. Ubishi huohuo umewagawanya wahakiki, watangazaji na watoa tuzo wa Marekani tangu mwaka 2024. Hapa tunaeleza ulivyokwenda.

Albamu yenyewe, Cowboy Carter, ilitoka tarehe 29 Machi 2024. Ina vipande 27, vingine vifupi mno, na huchukua karibu dakika 80. Ni sehemu ya pili ya mfululizo wa albamu tatu ulioanza na Renaissance mwaka 2022. Nyimbo mbili zilitangulia Februari 2024, na mmoja wao, "Texas Hold 'Em", ndio uliozua kisa kinachotugusa zaidi sisi watu wa redio.

Msikilizaji mmoja wa jimbo la Oklahoma aliomba wimbo huo katika kituo cha kantri cha kwao. Akajibiwa kwamba kituo hicho hakipigi nyimbo za Beyoncé kwa kuwa ni cha kantri. Jibu lilisambaa mitandaoni, mashabiki wakajaza simu na barua pepe, na baada ya muda mfupi wimbo ukaanza kupigwa. Uongozi wa kituo ulieleza kuwa ulikuwa haujaletewa wimbo na wala haukujua kama Beyoncé ametoa kitu cha kantri. Maelezo hayo yanaweza kabisa kuwa ya kweli, maana kituo kidogo hupiga kilicho nacho. Hata hivyo yanaonyesha kwamba jina la mwimbaji lilitosha kuamua aina ya muziki kabla mtu hajausikiliza.

Mwezi huohuo Beyoncé akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kushika nafasi ya kwanza kwenye chati ya Billboard ya nyimbo za kantri. Chati hiyo hujumlisha mauzo, usikilizaji wa mtandaoni na redio. Kwenye chati inayohesabu redio za kantri peke yake, wimbo haukuingia hata thelathini bora. Tofauti hiyo inaeleza mengi: wanunuzi na wasikilizaji wa mtandaoni waliupokea mapema, walioshika funguo za redio wakasitasita.

Historia ya nyuma inahitajika kidogo. Mwaka 2016 Beyoncé aliimba "Daddy Lessons" katika sherehe za tuzo za chama cha muziki wa kantri, CMA, pamoja na kundi la wanawake ambalo siku hizi linaitwa The Chicks. Baadhi ya mashabiki wa kantri walikasirika, na baadaye ikaripotiwa kuwa kamati ya kantri ya Grammy iliukataa wimbo huo katika kundi lake. Alipotangaza Cowboy Carter mwenyewe alisema ilizaliwa na tukio ambalo hakujisikia kukaribishwa. Hakulitaja, lakini wengi walihisi ni hilo.

Wahakiki wengi waliisifu albamu, na sifa kubwa ilikuwa kwa utafiti wake. Willie Nelson anajitokeza kama mtangazaji wa redio ya kubuni, hivyo albamu nzima inakwenda kama kipindi, mtu akizungusha kitufe kutafuta stesheni. Yumo Dolly Parton. Yumo pia Linda Martell, ambaye mwaka 1969 alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuimba peke yake katika jukwaa la Grand Ole Opry, akatoa albamu moja tu ya kantri mwaka 1970, kisha akasahaulika kwa miongo. Banjo ya "Texas Hold 'Em" inapigwa na Rhiannon Giddens, aliyetumia miaka mingi kueleza asili ya chombo hicho.

Asili hiyo ni Afrika. Banjo ilitokana na vyombo vya kibuyu na ngozi ambavyo watumwa, hasa wa Afrika Magharibi, walivitengeneza upya walipofika visiwa vya Karibi na Marekani. Hatusemi kwamba ni ndugu wa ritungu la Wakurya: ritungu lina nyuzi nane zilizofungwa kwenye mti wa juu, halina shingo kama gitaa, na linakaribiana zaidi na nyatiti ya Waluo. Lakini mtu wa Mara aliyezoea uzi uliotandazwa juu ya ngozi hataona banjo kuwa ngeni. Hata kofia ya kauboi haipaswi kumshangaza mfugaji wa huku: wanahistoria wanakadiria kuwa karibu mmoja kati ya wachunga ng'ombe wanne wa magharibi ya Marekani, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, alikuwa Mweusi.

Lawama nazo zilikuwepo, na baadhi tunaziona za haki. Albamu ni ndefu; mtu angeweza kuondoa robo yake asipoteze kitu. "Jolene" ya Dolly Parton imegeuzwa kutoka ombi la mwanamke mwenye hofu kuwa onyo la mwanamke mwenye nguvu, na kwa sikio letu wimbo umepoteza kilichoufanya uumize. Wengine walihoji bendera ya Marekani kwenye jalada. Lawama dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba "Ya Ya" ni roki na si kantri: kantri na roki zimekopana tangu enzi za Elvis Presley, na Beyoncé mwenyewe alikwisha kusema hiyo si albamu ya kantri bali ni ya Beyoncé.

Septemba 2024 CMA ilitoa orodha ya wanaowania tuzo zake, na Cowboy Carter haikupata hata nafasi moja. Tarehe 2 Februari 2025 Grammy ikaipa tuzo ya albamu bora ya kantri, ya kwanza kwa mwimbaji Mweusi, na tuzo kubwa ya albamu ya mwaka, ambayo Beyoncé alikuwa ameikosa mara nne. Miezi michache baadaye waandaaji wa Grammy wakaigawa tuzo ya kantri: moja ya kantri ya kisasa, nyingine ya kantri ya asili. Wametoa sababu zao, ila wapo wanaoona kwamba uzio umejengwa mara tu mgeni alipoingia boma.

Kwa asiyeijua albamu, tunashauri asianze mwanzo. Aanze na "16 Carriages", kisha "II Most Wanted" aliouimba na Miley Cyrus, halafu atafute albamu ya Linda Martell ya 1970, Color Me Country. Hiyo haina mzozo wowote kuhusu aina yake ya muziki, na bado redio ziliiacha ipotee.